Mfugaji wa Ng'ombe Anayejitolea kwa Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Baba yangu alifuga ng'ombe maisha yake yote, na alikaa kwenye kamati nyingi kuliko alizoweza kuzihesabu. Mimi nimerithi ng'ombe, pamoja na baadhi ya kamati. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na vijana wanaotaka kuanza kufuga, na waume na wake za wafugaji, na wakati mwingine na watu wanaotushangaa tu wakipita. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimeegemea uzio, kwa hiyo usitarajie majibu yote yawe na urefu mmoja.

Mfugaji wa namna hii ni nani hasa?

Ni mtu anayeishi kwa ng'ombe na ambaye wengine wanamtegemea kwa jambo lisilomlipa: kisima, josho la kuogeshea mifugo, shule, barabara iliyokatika, moto wa nyika. Wala si lazima awe tajiri. Wengi niliowafahamu walikuwa na mifugo ya wastani na viatu vilivyochakaa. Ukimwuliza atakwambia yeye ni mfugaji tu. Ukitaka kumtambua, angalia simu yake inaita saa ngapi za usiku, na nani anapiga.

Siku yake inakwendaje?

Inaanza kwa kutazama. Watu hudhani kazi ya mfugaji ni kukimbizana na wanyama, lakini sehemu kubwa ni kusimama kimya alfajiri na kuangalia nani amebaki nyuma, nani ameinamisha masikio, nani hacheui, nani amejitenga. Ng'ombe mgonjwa huonekana kwa tabia kabla hajaonekana kwa dalili. Baada ya hapo ni maji. Ng'ombe mkubwa hunywa lita 30 hadi 60 kwa siku, na anayekamuliwa wakati wa joto kali anaweza kupita 100. Ukiwa na ng'ombe 200, zidisha mwenyewe, kisha fikiria pampu imegoma.

Halafu ni uzio, dawa ya kupe, ndama, hereni za utambulisho zilizodondoka masikioni, na nyasi: kundi lihamishiwe wapi leo, na lile eneo la jana lipumzike mpaka lini. Shughuli za jamii huingia katika nafasi zinazobaki, na wakati mwingine haziingii vizuri.

Nakumbuka usiku mmoja baba alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi, mkono umezama hadi begani ndani ya mtamba aliyekuwa akizaa kwa mara ya kwanza. Ndama alikuja na mguu mmoja tu wa mbele. Wa pili alikuwa ameukunja nyuma. Mimi nilikuwa nimeshika taa na koti lake, na simu ikaanza kuita mfukoni mwa koti.

"Mzee, samahani kwa usiku huu," jirani alisema. "Bomba kubwa limepasuka na ufunguo wa valvu unao wewe."

Nikampelekea maneno. Baba hakugeuka. "Mwambie nakuja. Mwambie afunge ile ndogo ya chini kwa mkono, azungushe kulia."

Ndama alitoka akiwa kimya. Baba akamfuta pua, akamchokoa kwa jani kavu mpaka akapiga chafya, akamburuta hadi mbele ya mama yake. Kisha akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshashika ufunguo, nimesimama kama askari, nikishangaa anangoja nini huku maji ya watu yanamwagika. Alingoja mpaka mtamba akainuka, akanusa, akaanza kulamba. Hapo ndipo akanawa mikono.

Nilielewa baadaye sana. Mtamba anayezaa mara ya kwanza asipoanza kumlamba ndama mapema anaweza kumkataa, na ndama asipopata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za mwanzo, sita kama inawezekana, atakua bila kinga ya mama yake, kwa sababu utumbo wake hufunga mlango huo ndani ya siku moja. Bomba lingevuja dakika 20 zaidi, na kweli lilivuja. Ila lilizibwa.

Anapata wapi muda?

Hapati. Anaukopa kwa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni wa nyumbani kwake. Ndiyo maana mimi hupenda kuligeuza swali: yeye akiwa mkutanoni, nani yuko zizini? Kama hakuna jibu, asikubali nafasi hiyo, hata wakimbembeleza. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wanakonda huku yeye akiwahutubia wenzake juu ya ufugaji bora hawezi kusikilizwa, na haki yao.

Kuna jambo moja linalotusaidia kuliko watu wa kazi nyingine. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, zikizidi au kupungua chache. Ukijua fahali aliingizwa kundini lini, unajua miezi tisa kabla ni wiki zipi hutakuwa na usingizi wala nafasi. Baba alikuwa akifika kwenye kikao cha kugawana majukumu na karatasi yake mfukoni, akisema, "Mwezi ule msinipe kitu. Nina ndama 40." Wengine walicheka. Lakini hakuna aliyewahi kumngoja bure.

Kwa nini wafugaji wa ng'ombe hujikuta kwenye shughuli za jamii, hata wasiozipenda?

Kwa sababu matatizo yao makubwa hayaheshimu uzio. Kupe wa jirani asiyeogesha mifugo yake watakuwa wako kesho. Moto ukianza kwake, upepo ndio unaoamua utaishia wapi. Chanzo cha maji kikichafuliwa juu, wa chini ndio wanaougua. Mfugaji anaweza kuwa mtu mgumu, asiyependa mikutano, lakini miaka michache tu ya kufuga itamfundisha kwamba afya ya kundi lake inategemea mtu ambaye labda hawasalimiani.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni sotoka. Ugonjwa huu uliua ng'ombe kwa mamilioni, na ulipoenea Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na katika miaka ya 1890 ulifagia mifugo na kuacha njaa kubwa nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo nzuri sana, ila ilitaka kuhifadhiwa kwenye baridi. Baadaye ikapatikana ya kustahimili joto, na hapo wafugaji wa kawaida waliofundishwa kuchanja wakaibeba mpaka sehemu ambazo gari la daktari halifiki. Wao ndio walioijua njia, waliojua kundi gani limepita wapi, na walioaminiwa na wenye ng'ombe. Kisa cha mwisho kilithibitishwa mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru. Mpaka leo ni magonjwa mawili tu yaliyofutwa kabisa duniani, na la kwanza lilikuwa ndui, mwaka 1980. Mtu akikuuliza wafugaji waliwahi kuifanyia nini dunia, mpe hilo.

Kuna watu wa kweli katika historia wanaoonyesha maisha ya aina hii?

Wapo, na wengi hawakupigiwa makofi. Benjamin Jesty alikuwa mkulima mwenye ng'ombe huko Dorset, Uingereza. Mwaka 1774, ndui ilipokaribia, alichukua usaha kutoka kwa ng'ombe mwenye ndui ya ng'ombe akamchanja mkewe na watoto wao wawili wa kiume, kwa kuwa alikuwa ameona kwamba wakamuaji waliowahi kuupata ugonjwa huo hawapati ndui ya binadamu. Majirani walimzomea. Daktari Edward Jenner alifanya jaribio lake maarufu la chanjo hiyo mwaka 1796, zaidi ya miaka 20 baadaye, na jina likaenda kwake. Sina ugomvi na Jenner, yeye ndiye aliyechunguza na kuandika. Lakini kila ninapomwona mkamuaji wetu akitazama mikono yake baada ya kazi humkumbuka Jesty.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen hakuwa mfugaji, alikuwa meya huko Ujerumani. Namweka hapa kwa sababu ya ng'ombe. Alipokuwa Flammersfeld mwaka 1849 alianzisha chama kilichowanunulia ng'ombe wakulima wasio na uwezo, nao wakalipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Kabla ya hapo walikuwa mikononi mwa walanguzi waliowakopesha ng'ombe kwa masharti ya kuwafilisi. Vyama vya kuweka na kukopa vilivyobeba jina lake baadaye vilikulia kwenye udongo huo.

Dan West, mkulima wa Marekani, alikwenda Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akagawa maziwa kwa watoto, na akaona kila siku yakiisha kabla ya foleni. Akarudi na wazo kwamba familia ipewe ng'ombe badala ya kikombe cha maziwa, na kwamba kila anayepokea mtamba atoe ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine. Mitamba wa kwanza walisafirishwa mwaka 1944 kwenda Puerto Rico. Shirika lililotokana na wazo hilo, Heifer International, linaendelea hadi leo.

Na India, mwaka 1946, wafugaji wadogo wa wilaya ya Kaira wakiongozwa na Tribhuvandas Patel walianzisha chama chao cha ushirika baada ya kukataa kumuuzia maziwa mnunuzi aliyekuwa akiwapangia bei. Ndicho kilichozaa Amul, chapa maarufu ya maziwa ya India. Kinachonivutia ni mambo madogo: maziwa yalipokelewa asubuhi na jioni, yakapimwa mafuta, na kila mtu akalipwa kulingana na kipimo chake, awe na ng'ombe mmoja au kumi. Ukiwa na mizani isiyompendelea mtu umeshamaliza nusu ya ugomvi wa kijiji.

Kumpa jirani asiye na kitu ng'ombe ni msaada mzuri?

Unaweza kuwa mzuri kuliko yote, na unaweza kuwa mzigo unaomla aliyepewa. Nimeona yote mawili.

Baba alimpa mama mmoja jirani yetu ng'ombe wa maziwa, mrefu, mwenye kiwele kizuri. Tulimpeleka wenyewe, tukapokelewa kwa vigelegele. Miezi sita baadaye tulimkuta ng'ombe mbavu zinahesabika, maziwa hayafiki chupa. Baba alirudi nyumbani amekasirika, akalalamika wakati wa chakula cha jioni kwamba watu hawajui kutunza. Mama akamwacha amalize. Kisha akauliza, "Ulipompa, ulimwuliza nani atakata majani?"

Hesabu yenyewe ni hii. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu cha kilo 10 hivi kwa siku, karibu asilimia 2.5 ya uzito wake. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiyakausha inabaki moja ya tano hivi. Kwa hiyo ili apate kilo zake 10 anahitaji kilo 50 za majani mabichi kila siku, na majani hayo hujibeba? Yule mama alikuwa na watoto watatu wadogo, hana punda wala mkokoteni. Tulimpa kilo 50 za kubeba kichwani kila siku, tukaita zawadi.

Siku hizi tunaanzia upande wa pili. Malisho yanapandwa kwanza, na mnyama anakuja yakishashika. Tunaangalia maji yako umbali gani. Anayepokea anakaa kwetu wiki nzima akifanya kazi zizini, akamue, aogeshe, aone mnyama akiugua ikiwezekana. Anapewa mtamba mwenye mimba ya miezi mitano hivi aliyekwisha chanjwa, na kama nguvu zake ni ndogo anapewa mbuzi na hatuoni haya. Tunaandikiana: akifa kwa ugonjwa ni bahati mbaya yetu sote, akiuzwa kimyakimya ni deni. Na ndama jike wa kwanza atakwenda kwa mwingine.

Hapo kwenye ndama watu huharakisha. Mtamba akifika na mimba ya miezi mitano, atazaa baada ya miezi minne. Akizaa jike, huyo jike atafaa kupandishwa akiwa na mwaka mmoja na robo mpaka miwili, kutegemea alivyolishwa, na atakwenda kwa familia ya pili akiwa na mimba. Kwa hiyo zungumzia miaka miwili na nusu, au mitatu. Akizaa dume, ongeza mwaka mwingine hivi. Anayeahidi kwamba mwakani kijiji kizima kitakuwa na ng'ombe, mwulize amewahi kumngoja ndama.

Ni bora kutoa pesa au muda?

Toa ulicho nacho. Lakini trekta lenye dereva anayefika saa aliyosema lina thamani kuliko ahadi ya pesa. Na kitu ambacho mfugaji anacho na wengine hawana ni vyombo: tela, tangi la maji, jenereta, kamba ndefu, watu waliozoea kuamka usiku.

Magonjwa ya mifugo yanahusiana vipi na kuhudumia watu?

Sana, na hapa ndipo mfugaji anaweza kuchukiwa. Chukua kimeta. Ng'ombe anakufa ghafla, jana alikuwa mzima. Damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au njia ya haja, na mzoga haukakamai kama kawaida. Watu wanaona nyama nyingi inayoharibika. Wanakuja na visu. Wewe ndiye unayepaswa kusimama mbele ya mzoga na kusema hakuna kuchinja, hakuna kuchuna, hakuna kupasua hata kidogo.

Sababu si ushamba wa masharti. Bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miongo mingi, na ng'ombe watakaolisha hapo wakati wajukuu wako wamekuwa wakubwa bado wanaweza kuugua. Mtu anayeshika au kula nyama hiyo anaweza kufa. Mwite daktari wa mifugo, weka watoto na mbwa mbali, mzoga uchomwe au uzikwe chini sana kufuata maelekezo yake, na waliobaki wachanjwe. Chanjo ya kimeta tunayo tangu Louis Pasteur alipoionyesha hadharani mwaka 1881, tena kwenye shamba la daktari wa mifugo lililoko Pouilly-le-Fort, Ufaransa, mbele ya watu waliokuja wakitarajia kumcheka. Walikuta kondoo wasiochanjwa wamekufa au wanakufa, na waliochanjwa wakila.

Ugonjwa wa brusela ni wa kimya zaidi. Ng'ombe anatupa mimba, mtu anaondoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu, halafu anapata homa inayokwenda na kurudi kwa miezi na kila mahali anatibiwa kitu kingine. Mfugaji anayejua hilo anavaa glavu, anachemsha maziwa, na anamwambia mhudumu wa zahanati bila kuulizwa, "Huyu anafanya kazi na ng'ombe." Sentensi hiyo fupi imewahi kufupisha ugonjwa wa mfanyakazi wetu mmoja.

Moto ukitokea anafanya nini?

Kazi kubwa hufanywa kabla. Anafyeka ukanda wa kuzuia moto pande ambazo upepo hutokea, anawaacha ng'ombe wale nyasi za kando mpaka zibaki fupi, anahakikisha tangi limejaa na malango yote yanafunguka kwa ndani na kwa nje. Nyasi iliyoliwa vizuri haina cha kuungua. Moto ukija kweli, kwanza watu, pili fungua malango ili mifugo ijiokoe, tatu ndipo uanze kushindana nao. Nimeona mtu akikata seng'enge yake mwenyewe mpya kwa koleo ili ng'ombe wa jirani wapite. Kesho yake walikuwa wote wawili wakiishona.

Makosa gani hufanywa mara nyingi?

Nitaeleza langu. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji. Tulikusanya michango kwa muda mrefu, tukaagiza pampu mpya kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja. Siku ilipofika nilikuwa na ng'ombe aliyevimba tumbo kwa gesi, na kwa mnyama wa hivyo dakika zinahesabika. Nikasaini hati ya kupokea bila kufungua sanduku, nikarudi mbio zizini. Ng'ombe alipona. Pampu ilikuwa kuukuu, imepakwa rangi nzuri ya buluu, na ilidumu wiki tatu.

Wenzangu hawakunituhumu wizi, na labda ingekuwa rahisi zaidi kama wangenituhumu, maana ningejitetea. Walinyamaza tu. Niliuza maksai wawili kufidia sehemu ya pesa. Tangu hapo mzigo wowote wa kamati unafunguliwa na watu watatu, unawashwa, ndipo mtu asaini. Na kama mmoja ana ng'ombe mgonjwa, mwenye gari atangoja.

Kosa jingine ni kukaa kimya kwenye mkutano halafu kunung'unika kwenye mnada. Na lingine ni kudhani kwamba kwa kuwa umetoa ardhi ya shule basi mwalimu mkuu ni mfanyakazi wako.

Je, si njia ya kutafuta kura tu?

Wengine ndiyo. Huonekana mwaka mmoja, kisha hupotea. Mimi huangalia anafanya nini mahali ambapo hakuna mpiga picha, kwa mfano kuzibua mfereji wa josho, ambako harufu peke yake humfukuza mgombea.

Na mazingira? Ng'ombe hawaharibu zaidi ya anachotengeneza yeye?

Swali la haki. Ng'ombe mmoja hutoa kilo 70 hadi 120 za methani kwa mwaka, nyingi kwa kucheua, na gesi hiyo hudumu angani takribani miaka 12 ikishika joto vikali. Mfugaji anayejali hawezi kulicheka jambo hilo. Anachoweza kufanya ni kuwa na wanyama wachache wenye afya badala ya wengi dhaifu, maana ng'ombe asiyezaa na asiyekua hucheua vilevile. Achinje au auze mapema wasiozalisha. Ahamishe kundi kabla nyasi haijang'olewa mizizi.

La karibu zaidi ni chemchemi. Weka uzio kuzunguka chanzo, vuta bomba, nywesha kwenye birika pembeni. Ng'ombe wakiingia wenyewe hukanyaga kingo, hunya majini, na baada ya misimu michache unabaki na tope lenye mbu.

Vijana anawafundishaje?

Kwa kuwakabidhi kitu kinachoweza kufa. Najua inasikika vibaya. Lakini semina ya siku mbili haijawahi kumwamsha mtoto alfajiri, ndama humwamsha. Marekani wana vilabu vya vijana vya 4-H, vinavyohesabu mwanzo wao mwaka 1902 huko Ohio, na hadi leo mtoto huchukua mnyama, humlisha, huandika gharama zake kwenye daftari, kisha humwonyesha mbele ya waamuzi. Daftari ndilo ninalolipenda. Kijana anayejua kilo moja ya nyama ilimgharimu chakula kiasi gani hatadanganywa sokoni.

Sisi humpa kijana ndama aliyeachishwa kunyonya, na anamlea kwenye zizi letu. Wapo wanaokata tamaa mwezi wa pili. Hatuwasemi. Ndama anarudi kundini na kijana anakaribishwa kujaribu tena.

Familia yake inasemaje?

Inategemea umeuliza siku gani. Mama yangu alikuwa akiwaambia wageni, akicheka, "Huyu ni wa watu. Sisi tunamkopa." Alicheka kweli, ila alilisema mara nyingi mno kiasi kwamba haukuwa utani mtupu.

Yeye ndiye aliyekuwa na daftari la ng'ombe. Jina, namba ya hereni, siku ya kuingia joto, siku ya kupandishwa, nani alizaa kwa shida, nani alichanjwa kwa chupa ipi. Baba alisifiwa kwamba anajua kundi lake kwa moyo. Alilijua kwa sababu kila jioni mama alimsomea. Baba alipopewa cheti cha kutambua miaka yake ya kujitolea, alikileta nyumbani akakiweka ndani ya lile daftari, ukurasa wa mwezi huo, na hakukitundika ukutani. Sijui kama walizungumza lolote. Mimi nilikikuta huko nilipokuwa natafuta tarehe ya kupandishwa.

Ushauri wangu kwa mwenye familia changa: nafasi moja kwa wakati mmoja, na ukomo wake ujulikane siku ya kwanza.

Je, kuna wakati wa kuacha?

Upo, na wafugaji tunauona vibaya kwa sababu hatustaafu. Unajua umefika pale maamuzi yanapongoja upone mafua. Anayejitolea kwa miaka 30 bila kumfundisha mtu amewaacha watu pale pale alipowakuta, tofauti ikiwa tu wamezoea kumpigia simu.

Baba alichelewa. Ufunguo wa ile valvu alikaa nao mpaka mikono yake haikuweza tena kuuzungusha, na hata hapo alinituma mimi badala ya kumpa mtu. Mimi niliutoa mapema zaidi. Sasa uko kwa binti wa yule jirani aliyepiga simu usiku wa ndama. Yeye ndiye mwenyekiti wa maji, na amechonga wa pili akauweka shuleni. Mwezi wa kwanza alinipigia karibu kila siku.

"Baba mdogo, ile ya chini inazungushwa kulia au kushoto?"

Kulia, nilimwambia. Wiki iliyopita alibadilisha valvu yote, na mpya inazungushwa kushoto. Nilijua kwa sababu nilikwenda kuifunga mwenyewe, nikaifungua.